Riaseti za Honda na mbao za Ami

Braketi ya kushoto ya pikipiki yangu, ile inayobeba kikanyagio cha mguu, ilikatika pale pale inapoingia bolti ya chini, na mkono wa gia ukapinda hadi ukagusa injini. Pikipiki yenyewe haikuwa ikienda popote. Ilisimama kwa stendi ya ubavu uani kwetu Bububu, mvua ya masika ikalainisha mchanga usiku kucha, stendi ikazama, na asubuhi nikaikuta Honda CBR600RR ya 2007 imelala. Kilo mia na themanini na kitu zote zilikuwa zimebebwa na kikanyagio kimoja.

Fundi wa kuchomea aluminiamu aliishika ile braketi, akaigeuza, akanionesha chembechembe za kijivu mahali ilipokatika. Ni aluminiamu ya kumimina, akasema. Kuiunga ataiunga, lakini hataki kusikia kwamba nimeisimamia kwa uzito wangu wote nikiwa barabarani. Nilimshukuru kwa ukweli wake nikaondoka na vipande vyangu kwenye mfuko.

Wakati huo binamu yangu alikuwa Dubai, karibu kurudi. Akanipigia: "Yakhe, niambie nikuletee nini, maana begi langu linajaa." Braketi ya asili ilikuwa ya kuagiza na kungojea. Basi nikaona bora niweke riaseti, yaani seti nzima: braketi mbili, vikanyagio, mkono wa gia, pedeli ya breki na vikinga visigino, vyote vimechongwa kwa mashine kutoka kwenye bonge la aluminiamu badala ya kumiminwa.

Barazani kila mtu alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa moja: chukua za mashindano, zilizokaa juu na nyuma kabisa. Wenzangu walikuwa na sababu. Kwenye uwanja wa mbio pikipiki inalazwa sana kwenye kona, kikanyagio cha chini kinakwaruza lami, kwa hiyo kinapandishwa. Na mguu ukirudi nyuma, kiwiliwili kinalala juu ya tangi na upepo unapungua. Yote kweli. Lakini Unguja hatuna uwanja wa mbio. Tuna barabara ya Mahonda yenye ng'ombe, watoto wanaotoka chuoni, na tuta kila penye skuli. Sijawahi kukwaruza kikanyagio kwenye lami ya hapa na wala sioni kwa nini nitamani.

Nikaenda Mwanakwerekwe kwa fundi wangu, mzee ambaye vijana wote tunamwita Ami. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu na simu ya binamu. Hakuniuliza nataka kampuni gani. Aliniambia niilete pikipiki kwa kirikuu.

Nilipoileta aliinyanyua kwa stendi ya nyuma, akafungua braketi ya kulia iliyobaki nzima, kisha akachukua mbao mbili za mninga na rula ya chuma. Kwenye kila ubao alichora tundu la kikanyagio cha asili, halafu akapima na kutoboa jengine sentimita moja juu na moja nyuma, na la tatu sentimita tatu juu na tatu nyuma. Akaingiza vipande vya bomba kwenye matundu ya juu kabisa, akazifunga mbao kwenye chesisi kwa bolti zile zile za pikipiki.

"Panda. Shika usukani kama unavyoshika njiani. Ukae hapo mpaka nimalize karbureta hii."

"Ami, ni kikanyagio tu."

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa. Mwanzo nilijiona mchezaji wa mbio kwelikweli: kifua juu ya tangi, magoti yamebana, visigino vimepanda. Ami akaendelea kupuliza vitundu vya karbureta ya Vespa ya mtu. Kabla hajaifunga, goti langu la kulia lilianza kuuma kwa ndani, na viganja vikawa vimebeba mabega yangu yote, kwa sababu miguu ikirudi nyuma mwili unasogea mbele, na uzito unaangukia mikono. Nilitaka kushuka. Aliponitazama hakusema kitu, akanihamishia mabomba kwenye tundu la kati.

Pale kati nilikaa hadi wakaadhini Alasiri, na ningeweza kukaa zaidi. Goti lilikunjika bila kubanwa, na niliweza kunyanyuka kidogo kwa miguu kama mtu anayepita kwenye shimo. Ami akaandika kwa penseli juu ya ubao: moja juu, moja nyuma. Naiheshimu penseli ile kuliko maneno yote niliyoyasikia barazani.

Basi nilijua ninachotafuta: seti yenye matundu mengi ya kurekebisha, na moja kati yake liwe karibu na pahala pa asili. Seti kadhaa zilianguka hapo hapo, kwa sababu pahala pao pa chini kabisa palikuwa juu ya alama ya Ami.

Usiku nilizungumza na binamu kwa muda mrefu. Dukani alikosimama kulikuwa na Gilles za Luxembourg, ambazo karibu kila sehemu yake inasogea, na nzuri kuzitazama hata kwenye picha. Kulikuwa na Woodcraft za Marekani, za sura ya kawaida, lakini kila kipande chake kinauzwa peke yake: kikanyagio, ncha ya mkono wa gia, hata bolti. Na kulikuwa na seti isiyo na jina, bei yake robo ya nyengine. Nikamwomba ashike mkono wa gia wa ile ya bei rahisi autikise. Ulicheza ubavuni angali mpya. Gia ya sita kwenye mkono unaocheza hivyo unaitafuta kwa kubahatisha, kwa hiyo seti hiyo tuliiacha.

Nikamwuliza pia aluminiamu ni ya namba gani. Wengine husifu 7075 kwa sababu ni ngumu kuliko 6061, na ni kweli. Lakini 7075 ina shaba zaidi ndani yake, na hewa ya chumvi huila upesi zaidi. Nyumba yetu Bububu dirisha linaona bahari. Bawaba za mlango zinaliwa na kutu kila baada ya muda. Kwangu mie 6061 iliyotiwa anodi, yaani utando mgumu wa kuikinga na chumvi, ilikuwa na maana zaidi kuliko ugumu nisiouhitaji. Nilitaka pia vikanyagio vinavyokunjika, kwa sababu kile kigumu pikipiki ikianguka hupeleka kishindo chote kwenye braketi, na braketi iliyokatika nilikuwa nayo mfukoni.

Kuhusu gia kupanda kwa kukanyaga chini, mtindo wa mbio, sikusitasita kuukataa. Mdogo wangu huiazima ile Honda. Siwezi kumwachia pikipiki ambayo mguu wake utafanya kinyume na alivyozoea.

Binamu alichagua Woodcraft nami nikakubali, kwa ajili ya vile vipande vinavyouzwa kimoja kimoja.

Kuzifunga kulituchukua mchana mzima, na ugumu haukuwa braketi. Ulikuwa taa ya breki. Pedeli ya asili ina springi inayovuta swichi. Pedeli mpya haikuwa na pahala pa kutundika springi hiyo. Nilisema niende nayo nyumbani hivyo hivyo, kwani breki ya mbele bado ilikuwa inawasha taa. Ami akaweka spana chini. "Gari ya abiria ikiwa nyuma yako haijui umebonyeza ya mbele au ya nyuma. Pikipiki haitoki hapa." Akamtuma kijana wake akatafute swichi ya kusukumwa na mafuta, inayokaa mahali pa bolti ya bomba la breki, tukaifunga na tukatoa upepo wote kwenye mfumo. Nilibonyeza kwa mkono, taa ikawaka kwenye ukuta. Kila bolti ya chuma iliyoingia kwenye aluminiamu aliipaka grisi shingoni, chumvi isiunganishe metali mbili, na zile zinazotikisika akazitia kwenye meno gundi ya bluu ya kuzuia bolti kulegea.

Safari ya kurudi Bububu nilisimama Mtoni kupandisha mkono wa gia kidogo, maana viatu vyangu vya kazi vina soli nene. Fimbo yake ina meno ya kawaida upande mmoja na ya kukaza kushoto upande wa pili, kwa hiyo unalegeza nati mbili, unaizungusha, inarefuka au inafupika bila kufunguliwa.

Binamu alipojiandaa kurudi Dubai nilimpa orodha fupi: kikanyagio kimoja cha kushoto na ncha ya mkono wa gia, za akiba. Ndivyo vinavyogonga chini mwanzo. Yeye akaniambia nitafute kwanza kipande cha bati cha kuweka chini ya stendi.