Jumla ya kani ni sifuri, na baiskeli bado inakwenda

Leo nilikuwa na dabo, yaani vipindi viwili mfululizo, na kidato cha tatu. Nimerudi nyumbani sauti imekauka lakini moyo umejaa, na nisipoandika usiku huu najua kesho nitakuwa nimesahau nusu ya yaliyosemwa darasani.

Mada ilikuwa kani ya jumla na msawazo. Kitabuni ni kurasa chache tu. Unazikusanya kani zote, yaani misukumo na mivuto, zinazofanya kazi juu ya kitu, kila moja na upande wake, unazijumlisha. Ukipata sifuri, kitu hicho kiko kwenye msawazo. Mwanafunzi anaweza kukariri hayo kwa jioni moja na mtihani wa taifa akaupita. Mimi nataka aamini, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu sentensi ile fupi imebeba jambo ambalo macho ya kila siku yanalikataa. Kitu kilicho kwenye msawazo si lazima kiwe kimesimama. Kinaweza kuwa kinakwenda, tena mbio, mradi mwendo wake haubadiliki.

Tanga ni mji wa baiskeli, hilo halihitaji kuelezwa. Wanafunzi wangu wengi wanakuja shule kwa baiskeli, wengine wamepakizana. Basi nikaanzia huko. Unatoka Ngamiani unakwenda Raskazone, barabara tambarare, umeshachanganya, unanyonga kwa mwendo ule ule, huongezi wala hupunguzi. Kani ya jumla juu yako wewe na baiskeli yako ni kiasi gani?

Karibu darasa zima likajibu kwamba ipo kani ya kwenda mbele, ndiyo maana baiskeli inakwenda. Binti mmoja wa dawati la pili akaongeza hoja, na alisimama kabisa kuitoa: "Mwalimu, nikiacha kunyonga inasimama. Sasa kama jumla ni sifuri, kinachoipeleka ni nini?"

Hoja hiyo ina akili ndani yake. Mwalimu anayeijibu kwa kusema "sheria inasema hivyo" anamfundisha mtoto kwamba fizikia ni ya ubaoni na baiskeli ni ya barabarani, kila moja na dunia yake. Nikampa chaki aje achore. Kwenye darasa langu kuna sharti moja la michoro hii: kila mshale uwe na mwenyewe. Ukichora mshale, utaje ni nani anayesukuma au kuvuta. Akachora uzito kwenda chini, mwenyewe ni dunia. Akachora wa kwenda juu, mwenyewe ni barabara. Akachora wa kurudi nyuma: hewa inayompiga kifuani, pamoja na ukinzani wa matairi. Wa mbele ulimchukua muda, mpaka mwenzake akamkumbusha kwamba tairi la nyuma linaisukuma barabara kwenda nyuma, na barabara nayo inalisukuma tairi kwenda mbele. Akauchora huo mrefu, karibu mara mbili ya ule wa nyuma.

Nikamuuliza: wa mbele ukiwa mrefu hivyo, mwendo unafanyaje?

"Unaongezeka."

Na wewe umeongeza mwendo?

Akanyamaza, anautazama ubao. Kisha bila kuambiwa akachukua dasta, akaufuta ule mshale wa mbele, akauchora upya kwa kupima kwa vidole mpaka ukalingana na wa nyuma. Swali lake la mwanzo akalijibu mwenyewe: ukiacha kunyonga, mshale wa mbele unaondoka, wa nyuma unabaki peke yake, kwa hiyo kani ya jumla ipo, tena ya kurudi nyuma, na ndiyo inayoisimamisha baiskeli. Miguu inafanya kazi ya kulipa kile ambacho hewa na msuguano vinachukua. Katika mwendo ule wa sare hakuna ziada.

Sioni sababu ya kumcheka mtoto anayeanza na wazo lile. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, karne nne kabla ya Kristo, alifundisha karibu hivyo hivyo: kitu kinakwenda maadamu kuna kinachokisukuma. Watu wenye vichwa vizuri sana walimfuata kwa karne nyingi. Nikawaeleza habari za Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ambaye aliona kwamba kitu kinachorushwa hupewa msukumo unaokaa ndani yake na kubaki nao mpaka kitu cha nje kikizuie. Wale wanaosoma madrasa jioni wakatazamana. Jina hilo walilijua kwa utabibu, hawakutegemea kulikuta kwenye fizikia. Baadaye Galileo kule Italia akaviringisha mipira yake kwenye mbao zilizoinama, akafika kwenye wazo kwamba pasipo kizuizi mpira ungeendelea tu. Mwaka 1687 Newton akaliandika likawa sheria yake ya kwanza. Njia ilikuwa ndefu hivyo. Kumdai mtoto wa miaka 16 aipite kwa dakika 40 za kukopi ubao si haki.

Kwa kipindi cha pili nilikuwa na mizani. Niliiazima jana jioni kwa mama mmoja muuza samaki pale soko la Deep Sea, ile ya kuning'iniza, pete juu na ndoano chini. "Mwalimu, niletee mapema mwanangu, bamvua linakuja, pweza watakuwa wengi," akaniambia huku akiifuta magamba kwa kanga. Nilimwahidi na nitatimiza.

Pete ya mizani tukaifunga kwenye nondo za dirisha. Kijana mmoja akavuta ndoano mpaka mshale ukasoma kilo 8, yaani nyutoni 80 hivi, nyutoni ikiwa ndiyo kipimo cha kani. Kila mtu aliona. Kisha nikaifungua dirishani nikampa binti wa kando yake aishike pete, avute upande wake kwa nguvu zile zile, na kijana abaki na ndoano kama mwanzo. Kabla hawajavuta nikataka kila mmoja aandike daftarini mizani itasoma ngapi. Hili la kuandika kwanza sikubali kuliacha. Mwanafunzi asiyeandika atasema baadaye kwamba alijua tangu mwanzo, na hapo hakuna alichojifunza.

Wengi waliandika kilo 16. Kikundi cha nyuma kikaandika sifuri, kwa maelezo kwamba wawili wakivutana sawa wanafutana. Wachache waliandika 8. Wakavuta. Mshale ukatetemeka kidogo ukatulia kwenye 8.

Kelele ziliwafanya wenzetu wa darasa la jirani wachungulie. Mmoja akadai mizani ya samaki imechakachuliwa! Tukarudia kwa kilo 5, ikasoma 5. Ndipo nikawarudisha dirishani: kijana alipovuta pale mwanzo, nondo zilikuwa zinafanya nini? Zilikuwa zinavuta pia, kwa nyutoni 80 zile zile, upande wa pili. Zisingevuta, mizani ingemfuata kijana na isingesoma kitu. Kwa hiyo binti hakuongeza chochote kipya, alichukua tu kazi ya dirisha. Mizani yenyewe imetulia kwa sababu jumla ya kani juu yake ni sifuri, lakini springi ndani yake imevutika, na kuvutika huko ndiko tunakosoma. Wale wa sifuri walikuwa wamejibu swali sahihi ambalo sikuwauliza. Jumla ni sifuri kweli. Kani zenyewe hazijatoweka, mbili ziko pale pale, na mmoja akiachia utaziona.

Hapa nashikilia kwa nguvu zote kwamba msawazo ufundishwe kwanza kama kani zilizopo, halafu ndiyo tuseme zinalingana. Kitabu kilicho mezani nacho kiko hivyo: dunia inakivuta chini, meza inakisukuma juu. Kwa anayedai meza haiwezi kusukuma, nimeweka rula ya plastiki juu ya vitabu viwili, katikati nikaweka jiwe. Rula ikapinda, na kupinda huko ndiko kunakolisukuma jiwe juu. Meza nayo inabonyea, kidogo mno kwa macho.

Kisha tukaenda nje na ndoo. Lita 10 za maji, uzito wa nyutoni 100 hivi, tukaining'iniza katikati ya kamba ya mkonge, na vijana wawili, wale wanaojisifu kwa kubeba magunia, wakashika ncha mbili. Amri ilikuwa moja: nyoosheni kamba mpaka iwe mstari ulionyooka kabisa. Mwanzoni walicheka. Ndoo ikapanda, kamba ikakaza, visigino vikachimba mchanga, na bado pale katikati kulikuwa na mbonyeo. Wakaongezwa wawili wengine. Mbonyeo ukapungua, haukuisha.

Hesabu yake tuliifanya hapo hapo, kwa kijiti, mchangani. Ndoo ikitulia, sehemu za kwenda juu za kamba mbili lazima zifikie nyutoni 100, kila kamba itoe 50; mvuto wa kamba yenyewe unaupata kwa kugawa 50 kwa sine ya pembe yake. Kamba ikiwa imeinama digri 30 kutoka mlalo, kila upande unavuta nyutoni 100. Ikibaki digri 10, unahitaji 288. Digri 5, zinafika 574. Yule binti wa baiskeli akauliza ikiwa digri 0 je. Nikamwambia agawe mwenyewe. Akagawa 50 kwa sifuri, akakiangalia kijiti, akasema namba hiyo haipo. Kamba iliyolala kabisa haina sehemu ya kwenda juu, sasa nani ambebe ndoo? Tulipokuwa tunarudi ndani mtoto mwingine akanyoosha kidole kwenye nyaya za umeme za barabarani, akasema kumbe ndiyo maana zimelegea. Sikuwa nimepanga kulisema hilo. Limetoka kwake.

Kijana mmoja anayeishi Sahare, ambaye kwa kawaida husema maneno mawili kwa wiki, leo alizungumza. Baba yake ana ngalawa. Alisema kusi likivuma sawasawa ngalawa inakwenda mwendo mmoja, upepo ukizidi inaongeza, halafu "inashika mwendo mwingine, haizidi tena". Akataka kujua kwa nini haiendelei kuongeza maadamu upepo unasukuma tu. Nililiacha andalio la somo pembeni. Upepo ukizidi, kani ya tanga inaishinda ya maji, kani ya jumla inatokea, mwendo unapanda. Lakini jinsi mwendo unavyopanda ndivyo maji nayo yanavyozidi kuzuia, mpaka kani mbili zinalingana tena. Msawazo mpya, kwa mwendo mpya. Akaongeza kwamba tanga likilala sana, mmoja wao huenda kukaa kwenye mrengu wa goshini, ule wa pembeni mwa ngalawa upande upepo unakotoka. Hapo akawa ametufungulia mlango wa momenti, yaani uwezo wa kani kuzungusha kitu: kani zinaweza kujumlika sifuri na chombo bado kikapinduka, kwa sababu haitoshi zilingane, lazima pia tuangalie zimeshika wapi. Mtu yule yule akikaa mbali zaidi na ngalawa, uzito wake unazuia zaidi chombo kisilale. Wiki ijayo somo hilo ataanza yeye, nimeshamwambia.

Dakika za mwisho nikatoa chungwa la Muheza mfukoni nikalirusha juu wima, nikalidaka. Swali: lilipofika kileleni, pale lilipokuwa halipandi wala halishuki, lilikuwa kwenye msawazo? Mikono mingi ikasema ndiyo, limesimama, kwa hiyo sifuri. Wale wale waliokubali kipindi cha kwanza kwamba baiskeli inayokwenda ina sifuri. Kengele ikalia wakiwa bado wanabishana, na sikuwapa jibu.

Kazi ya nyumbani ni michoro mitatu: chungwa likipanda, likiwa kileleni, likishuka. Chungwa lile lina gramu 200 hivi, na tukiiacha hewa, michoro yote mitatu inatakiwa iwe na mshale mmoja tu, nyutoni 2, kwenda chini. Kileleni kasi ni sifuri kwa nukta ile moja, lakini kani ya jumla ni uzito mzima, na ndiyo maana chungwa halibaki huko juu. Najua wengi wataleta chungwa linalopanda likiwa na mshale wa pili, mnene, wa kwenda juu, umeandikwa "kani ya mkono". Daftari hizo ndizo nitakazoanza nazo kesho. Sitaziweka mkasi wa kukosa. Nitamwita mwenye daftari mbele, nimpe chungwa alirushe mwenyewe, na likiwa angani nimuulize mkono wake uko wapi.