Utenzi wa fundi viatu: nimefika ubeti wa 41

Wiki hii nimepata beti sita tu, na zote zimeishia darini.

Kwa anayeanza kunifuatilia leo: naandika kwa utenzi maisha ya Robert Bloomfield, mshairi wa Suffolk, Uingereza, aliyezaliwa kijiji cha Honington mwaka 1766. Siku hizi hata kwao wengi hawamjui. Baba yake, mshona nguo, alikufa kwa ndui Robert akiwa bado mchanga. Kazi za shamba hakuziweza, alikuwa mdogo wa umbo, hivyo mwaka 1781 mama akampeleka London akajifunze ushonaji viatu.

Sasa hiyo dari, ya London, walimofanyia kazi. Kaka yake George ameieleza vizuri: vitanda viwili vya kukunja, mafundi watano wakishona. Robert ndiye wa kutumwa chakula, na kwa vile muda wake ndio uliokuwa na thamani ndogo kuliko wa wote, ndiye aliyewasomea gazeti. Maneno magumu yakamshinda. George akamnunulia kamusi kuukuu kwa peni nne.

Juu darini watano
Wameshikwa na mishono
Hautulii mkono
Robati awasomea

Ndiyo, Robati. Robert kwenye mizani nane, yaani silabi nane za mstari, hakai.

Kilichonichelewesha ni kilichofuata. Shairi lake refu, *The Farmer's Boy*, alilitunga kichwani huku msharasi uko mkononi. Sehemu ya majira ya baridi aliimaliza yote kabla ya kuandika mstari hata mmoja! Jumanne nikajaribu na mimi ndani ya daladala, bila simu wala karatasi. Nilitunga beti tano. Nilipofika nyumbani zilibaki mbili na nusu, na hiyo nusu sina hakika ni yangu. Nadhani vina vyake vya mistari miwili miwili vilimbeba: mkono ukivuta uzi, kina kinarudi.

Kuchapishwa kwa shairi hilo mwaka 1800 kwa msaada wa mwanasheria Capel Lofft kumepata ubeti mmoja, pamoja na nakala zaidi ya 25,000 zilizouzwa ndani ya miaka mitatu. Shairi lake la 1804 la kusifu chanjo ya daktari Jenner halikunipa shida. Yatima wa ndui akiisifu chanjo ya ndui, beti zinakuja zenyewe.

Zimebaki beti chungu: wachapishaji kufilisika, macho kufifia, na kifo chake cha kimaskini mjini Shefford, Agosti 1823. Kabla ya hapo nataka kumpa ubeti wa mazeze ya upepo aliyokuwa akiyatengeneza na kuuza. Ni sanduku lenye nyuzi, unaliweka dirishani, hewa ikipita linalia lenyewe. Mstari ninao, "upepo ndiye mpigaji", lakini una mizani tisa. Nikitoa "ndiye" zinabaki saba. Nikiweka "ndo" zinatimia nane, ila babu aliyenifunza kuhesabu mizani angenifukuza barazani.