Utamu ulioliwa na chachu

Jumamosi, usiku

Nimefungua chupa ya Ebulum jioni hii na ladha yake bado iko mdomoni ninapoandika. Ni bia nyeusi kutoka Alloa, mji mdogo ulio kando ya mto Forth hapa Uskoti, na inapikwa na kiwanda cha Williams Bros. Nguvu yake ni asilimia 6.5. Ndani yake mna matunda ya elda, yale madogo meusi yanayoning'inia vichala vichala kando ya njia za huku ifikapo Septemba, ambayo ukiyaponda juisi yake inakaa kwenye vidole siku nzima.

Nataka kuandika kuhusu utamu, kwa sababu humo haumo.

Nilimimina nusu glasi kwanza. Ikiwa mezani ni nyeusi tii, hupenyi kuona upande wa pili. Nilipoinyanyua mbele ya taa, pembeni kabisa, pale kinywaji kinapokutana na glasi, pakatokea wekundu mzito. Povu lake ni la rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa, na halikukaa sana. Harufu ya mwanzo ilikuwa ya nafaka iliyokaangwa, karibu kuungua, na nyuma yake kitu cha majani makavu. Tunda sikulisikia.

Lilikuja baadaye. Chupa ilikuwa imetoka kwenye friji, na ubaridi huwa unafunga pua ya bia. Niliiacha juu ya meza, nikaenda kukunja nguo, nikarudi. Hapo ndipo elda ikajitokeza: uchachu mwembamba pembezoni mwa ulimi, halafu ule ukakasi unaobaki mdomoni ukila zambarau ambazo hazijaiva vizuri. Baada ya kumeza, mdomo unakauka kidogo, unatamani funda jingine. Nimependa sana hapo. Uchungu wa nafaka iliyochomwa na ukakasi wa tunda vinashikana kiasi kwamba huwezi kusema kimoja kimeishia wapi.

Ukitia matunda kwenye pombe, sukari yake ndiyo chakula cha kwanza cha chachu. Inaila karibu yote na kuigeuza kileo na gesi. Kinachosalia ni vile ambavyo chachu haina haja navyo: uchachu, rangi, na ukakasi wa maganda. Kwa hiyo bia ya matunda iliyoachwa ikachachuka mpaka mwisho haifanani na tunda ulilolichuma. Imebaki na mifupa ya tunda. Zile za siku hizi zenye picha ya beri kubwa kwenye kopo na ladha ya peremende, nyingi zimetiwa sharubati au kuongezewa sukari baada ya kazi ya chachu kusimamishwa. Anayezipenda anywe kwa raha zake. Mimi zinanichosha kabla glasi haijafika nusu, na nasikitika kwamba watu wengi wamezijua bia za matunda kupitia hizo tu.

Williams Bros. wana tabia hii ya kupika na kinachoota jirani. Fraoch yao wanaitia maua ya heather, kile kichaka kinachogeuza vilima vya huku kuwa zambarau mwezi wa nane. Wamewahi kupika pia na machipukizi ya misonobari, na hata na mwani wa baharini. Sababu inaeleweka ukiishi huku: hopsi, ua linaloipa bia uchungu duniani kote leo, halistawi vizuri kwenye baridi ya Uskoti. Watu wa zamani walitumia majani, maua na matunda ya porini. Kuhusu Ebulum, wenyewe wanasema mapishi yalitokana na kumbukumbu ya karne ya 16 ya vinywaji vya majumbani huko Nyanda za Juu za Uskoti: shayiri, ngano na oti zilizokaangwa, zikachemshwa na mitishamba, kisha zikachachushwa pamoja na elda mbivu. Wanaongeza na habari za makuhani wa kale kutoka Wales. Hilo la makuhani naliacha lilivyo. La majumbani naliamini, kwa sababu nimelelewa kwenye nyumba iliyopika pombe.

Nikampigia simu baba mdogo, aliyeko Marangu, Kilimanjaro. Yeye ndiye mpishi wa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, katika ukoo wetu, na nilijua hatakuwa amelala.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Baridi ya huko imepungua?"

Nikamweleza bia yangu. Akasikiliza kimya, kisha akauliza swali la mpishi: "Na uchungu wameutoa wapi? Wana msesewe?"

Msesewe ni mti ambao gome lake ndilo linaloipa mbege uchungu. Nikamwambia hawana, uchungu wao unatoka kwenye nafaka iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, na kwenye majani. Akaguna. Kwake ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji. Ndizi mbivu huchemshwa mpaka ziwe nyekundu, zikaachwa siku kadhaa na kuchujwa, ndipo viwili hivyo vikutanishwe. Kukaanga nafaka mpaka iwe mkaa hakumwingii akilini.

"Sasa mbona unasema si tamu, na matunda yamo?"

"Chachu imekula sukari yote, baba."

"Basi wameiacha ikamaliza. Sisi tunakunywa kabla haijamaliza."

Sijawahi kusikia mbege ikielezwa vizuri hivyo. Ndiyo maana ile ya leo ina utamu na ile ya kesho inakuwa kali: kazi bado inaendelea ndani ya pipa, na mnywaji anachagua siku yake. Mtu wa Alloa amekwisha kuchagua kwa niaba yangu, akafunga kizibo.

Nilikuwa na wazo la kuchuma elda mwenyewe mwaka huu, nijaribu chungu kidogo jikoni. Lazima nizichemshe vizuri, maana mbichi hazifai: mbegu zake, na zaidi majani na vijiti, vina sumu inayovuruga tumbo mpaka mtu akatapika. Vijiti vyote huondolewa kimoja kimoja, kazi ya jioni nzima kwa bakuli moja.

Chupa ya pili nimeiweka kabatini, mbali na friji. Mume wangu anataka tuifungue kesho, lakini nimemwomba asubiri mpaka nipate mbuzi wa kuchoma, mwenye mafuta yake. Nyama ya namna hiyo inataka kinywaji chenye ukakasi.