Taya za Mnyoo wa Mikindani

Agosti ya mwaka 2013, maji ya bamvua yalipokupwa katika ghuba ya Mikindani, kusini mwa Tanzania, nilifuatana na mtaalamu wa minyoo wa bahari hadi kwenye matope ya kando ya mikoko, mahali ambapo wavuvi wa mshipi huchimba chambo. Mzee mmoja alituonyesha matundu ya minyoo wa chambo, akatuelekeza tuanze kuchimba mbali kidogo na tundu, kwa kuwa mnyoo akivutwa kwa pupa hukatika na mkia ukabaki chini. “Usimvute, mwanangu, mfuate,” aliniambia.

Jioni tuliweka hadubini mezani. Minyoo walikuwa wamekwisha kulegezwa kwa maji yenye magnesiamu kloridi ili wasijikunje, na kazi yangu ilikuwa kuchora. Kichwa kilikuwa na ncha iliyogawanyika pande mbili, macho mawili na vipapasio vitano. Pingili mbili zilizofuata hazikuwa na miguu wala vinyuzi, na kukosekana kwa vinyuzi hivyo ni mojawapo ya alama zinazoitenga jenasi ya Marphysa, kundi la minyoo hawa, na jenasi jamaa yake, Eunice. Nyuma zaidi, juu ya miguu midogo yenye nywele ngumu, yalianza matamvua mekundu ya kupumulia, ambayo rangi yake hutokana na hemoglobini iliyoyeyuka moja kwa moja katika damu. Niliamriwa kuandika namba ya pingili yanapoanzia, jambo lililonichosha macho kuliko lolote, kwa sababu tamvua la kwanza huwa uzi mmoja mfupi unaojificha kwa urahisi.

Kisha mtaalamu alipasua koo kwa wembe. Taya za juu, nyeusi na zenye kung'aa, zilikaa kwa mfululizo: jozi ya kwanza imepinda kama ndoana, ya pili ina meno, na baada yake, upande wa kushoto, kulikuwa na bamba ambalo upande wa kulia halikuwa na mwenzake. Nilipouliza kama la kulia limevunjika, alijibu kwamba ukoo huo ndivyo ulivyoumbwa, na kwamba angeshangaa zaidi kama pande zote mbili zingelingana.

Mimi nilitamani atangaze spishi mpya usiku uleule, maana idadi ya meno haikuafikiana na maelezo aliyokuwa nayo. Hakukubali. Marphysa mossambica ilielezwa na Peters, mtaalamu wa wanyama Mjerumani, mwaka 1854 kutoka Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na meno huweza kutofautiana kati ya mnyoo mdogo na mkubwa. Kwa maoni yake, mtu asiyepima minyoo wa umri mbalimbali hana haki ya kumpa mmoja wao jina. Nadhani alikuwa sahihi, ingawa usiku ule niliona ni ukaidi. Alikata kipande cha mwili akakitia katika ethanoli kwa uchunguzi wa vinasaba, ambavyo fomalini huviharibu, akaihifadhi sehemu iliyobaki katika fomalini, kisha akanipa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka katika ethanoli, niandike mahali, tarehe na jina la jenasi peke yake.