Kesi yangu ya Lubumbashi

Jumamosi nimenunua spana namba 10. Ni ya nne. Sisemi seti ya nne, ndugu zangu, nasema spana moja, namba kumi ile ile, mara ya nne tangu nihamie Lubumbashi huku Kongo, na nimelipa dola nne. Nyie mlioko Dar mnajua dola nne Gerezani unaondoka na nini mkononi, sina haja ya kuwahesabia. Na muuzaji aliikataa noti yangu ya kwanza kwa sababu ilikuwa na mpasuko pembeni, mdogo kuliko ukucha wa kichanga. Huku dola ikishapata jeraha inakuwa karatasi tu. Wewe unayefunga begi kuja, kagua noti zako kama unavyokagua tairi la mtumba, halafu zilaze ndani ya kitabu, usizikunje.

Duka lenyewe liko Kenya. Kenya ni komini, yaani kama wilaya, ya mji huu, ina soko lake kubwa. Mama alinipigia nikamwambia niko Kenya natafuta spana, akaniuliza nimehama lini na kwa nini sikumuaga.

Nikarudi nyumbani Kampemba nimefura. Toyota yangu ilikuwa imelala siku ya pili, nati za vichwa vya betri zimelegea, na hizo ni namba 10, huwezi kuzidanganya na plaizi. Nimepanga nyumba ya zamani ya matofali yenye gereji yake, kitu ambacho Mbagala ningekiota tu. Ila hiyo gereji, jamani. Spana kwenye ndoo ya rangi, bisibisi kwenye mfuko wa saruji, soketi zimetapakaa kama karanga za msibani. Nikavimwaga vyote sakafuni, nikawa natukana peke yangu.

Getini akachungulia mzee jirani, mstaafu wa karakana ya reli. Nikampa shikamoo yake. Huku shikamoo haina mwenyewe. Mwezi wa kwanza alikuwa ananitazama tu akisubiri nimalize ombi langu. Siku hizi anajibu "marahaba", lakini analitamka kama mtu anayeonja dawa. Akaiangalia sakafu, akaniangalia mimi, akauliza:

"Kesi yako iko wapi?"

Tumbo likanikata. Wiki hiyo nzima nilikuwa nimezungushwa na karatasi za ukaazi, dirisha hili unatumwa lile, kila dirisha na ada yake, ada nyingine hata risiti haina. Nikajua habari zimeshamfikia mzee. Nikaanza kujitetea: Mzee, mimi sina kesi, nimelipa kila nilichoambiwa, mihuri yote ninayo, ngoja nikuletee uone. Akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu zote, halafu akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango.

"Kesi ya byombo, mwana! Hapana ya tribinali!"

Byombo nayo haikunisaidia, maana kwetu vyombo ni masufuria na sahani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kesi, kwa Kifaransa chao kilichoingia kwenye Kiswahili chao, ni sanduku. Ananiuliza sanduku langu la zana liko wapi. Sina, nikamwambia. Akaokota tupa iliyolala juu ya spana, akaipuliza vumbi.

"Weye uko fundi ao unauzisha byuma?"

Hiyo iliniingia. Miaka kumi na moja nimefungua gia boksi za malori njia nzima, Tunduma hadi hapa, usiku, mvuani, nikiwa chini ya tela. Na niseme ukweli ambao wengi wetu hatuuandiki: Watanzania tunaingia huku na kiburi. Tunasema Wakongo ni muziki na mavazi, kazi hawana nidhamu nayo. Mwezi wa kwanza nilikuwa nasahihisha watu Kiswahili, mtu akisema "byuma" namwambia ni "vyuma", kama mwalimu wa zamu. Mzee huyu ndiye aliyeninyamazisha. Aliniuliza, bila hasira, "Hiyo Kiswahili yako muzuri inafungula bulo?" Bulo ni bolti.

Sasa ndiye huyo huyo kasimama juu ya fujo zangu na sina jibu.

Akaenda kwake. Nikadhani kachukia. Akarudi amebeba sanduku la chuma, lile linalofunguka pande mbili kama mbawa, trei tano. Nje limeliwa na kutu, ndani safi kama sufuria ya bibi harusi. "Kamata. Macho yangu haisome tena namba." Nikamuuliza bei. Hakujibu, akavuta ndoo akaikalia, akaanza kazi ambayo ilitufikisha saa moja usiku.

Kwanza alitenga zana za mili, yaani milimita, na za inchi, kabla ya kugusa kitu kingine. Nina zana za inchi kwa sababu ya malori ya Kimarekani, na miaka yote zilikuwa zinalala kitanda kimoja na za mili. Nusu inchi ni milimita 12.7. Ukibana bolti yake kwa spana namba 13 inaingia, inakupa moyo, kisha inazunguka na kula kona za kichwa cha bolti, na hapo umebaki na tindo na maombi. Robo tatu ya inchi na 19 ndizo zinazosameheana, maana ni 19.05. Halafu akanionyesha jambo ambalo mkono wangu ulilijua ila kichwa hakikujua: bolti ile ile yenye unene wa mili 8, Mjapani anaipa kichwa cha 12, Mjerumani anaipa 13. Ndiyo maana kwenye Toyota unaishi na 10, 12, 14, na hiyo 13 unaikumbuka siku ukishika gari la Ulaya. Basi 13 ikapewa chumba chake, mbali na majirani wanaofanana nayo.

Katika kutenga tukazikuta namba 10. Moja ndani ya mfuko wa jeki, moja kwenye mfuko wa ovaroli ambalo sijalivaa tangu Pasaka, moja imenasa chini ya ndoo aliyokuwa ameikalia mwenyewe. Pamoja na ile mpya, nne. Mzee akazipanga chini mstari mmoja, hakusema neno. Dola kumi na sita.

Vizito vikaenda chini, nyundo, tindo, makoleo, ili sanduku lisipinduke ukilifungua. Tupa hazilali pamoja, meno yake yanatafunana, kila moja ikafungwa kitambaa. Trei akazitandika mpira uliokatwa kwenye mkanda wa kusafirishia mawe mgodini; huku mpira huo utauona hadi mlangoni kama zulia. Mvua zinaanza Novemba na gereji ya bati inatoa jasho, kwa hiyo kila chuma kikapanguswa kwa kitambaa chenye oili ya injini, na kila trei ikapewa kipande cha chaki cha kunyonya unyevu. Tulipofika kwenye spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, nikapata kigugumizi, nisingeweza kulitaja jina hilo mbele ya mzee. Yeye akaiita "kle anglezi", yaani spana ya Kiingereza. Kwetu wamesingiziwa wanawake, huku wamesingiziwa Waingereza.

Mwisho akachukua brashi na rangi nyeupe, akachora juu ya mpira umbo la kila zana mahali pake, kama kivuli. Hivyo ndivyo walivyofanya karakana ya reli, akasema: zamu ikiisha wanatazama vivuli, na kivuli kimoja kikiwa kitupu injini haitoki hadi kitu kipatikane, hata kama usiku unaingia. Akaniambia pia kwamba reli yao na Tazara zina upana mmoja, milimita 1,067. Mimi nimezaliwa jirani na Tazara, sikujua.

Umeme ukakatika, kama kawaida ya saa hizo. Nikakimbilia tochi ya simu. "Acha," akasema. Nikasikia mkono wake unapita juu ya trei, halafu chuma baridi kikawekwa kiganjani mwangu. Nilipowasha tochi ilikuwa 14. Nikajaribu mimi, nikataja 12, nikatoa 12. Nilifurahi kijinga, kama mtoto.

Mnaoniandikia kuuliza kama Lubumbashi kuna hela: ipo. Kuna shaba, kuna malori yanayoharibika kila siku ya Mungu, na mtu anayeyajua hakosi bukari, ndio ugali wa huku. Ila njoo na spana zako, msije kununua huku kwa bei zangu. Na jifunzeni kuhesabu Kifaransa kabla ya kuvuka, kwa sababu dukani hakuna anayejua spana namba kumi ni nini, utaomba "kle ya dis" na ukikosea utapewa 12, ambayo ni "duz", na mlango wa kurudisha bidhaa haupo.

Wiki ya pili sasa. Kila jioni mzee anapita, nampa shikamoo yake, ananipa marahaba yake ya dawa, anafungua mbawa za sanduku na kukitazama kivuli cha 13. Ni kitupu tangu siku kilipochorwa. Niliiazimisha mwezi wa nane kwa mwenzetu mmoja pale mpakani Kasumbalesa, na simu zangu hapokei. Mzee hasemi kitu, anafunga sanduku taratibu na kwenda zake.

Kesho alfajiri napanda gari kwenda Kasumbalesa kuifuata. Nauli ya kwenda na kurudi inanunua spana zaidi ya moja, najua, msiniandikie.