Sekunde moja kwa buibui la Bibi

Slaidi namba 37 imeninyima usingizi mwezi mzima wa Rajab.

Namba nimeipa mimi. Kibati cha biskuti alichotuachia Babu Baharia, kaka yake Bibi mzaa mama, kilikuwa na slaidi 94, yaani vipande vya filamu ya rangi vyenye fremu ndogo, vya kutazamwa kwa kupitisha mwanga, nyingine zimefungwa raba iliyogandana na kadibodi kwa ukongwe, nyingine zimetupiwa tu humo ndani. Babu alifanya kazi melini tangu ujanani, na kila akija likizo Wete, kwetu Pemba, alikuwa na kamera shingoni. Filamu aliyoipenda ni Kodachrome. Hiyo haikuwa filamu ya kusafishwa popote, maana rangi zake hazimo ndani ya filamu, zinatiwa wakati wa kusafisha, hatua kwa hatua, kwa mitambo maalumu. Kwa hiyo akizituma ng'ambo kwa posta, na zikimrudia zimeshatiwa fremu. Leo hata ukiokota roli ambayo haijasafishwa, huna pa kuipeleka ikatoka na rangi zake. Maabara ya mwisho, iliyokuwa Parsons, Kansas, kule Marekani, iliacha kupokea roli hizo mwisho wa 2010. Uzuri wa Kodachrome ni kwamba ikikaa gizani rangi hazichuji upesi. Kibati kimekaa chini ya kitanda miaka yote hiyo, na karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi kwenye slaidi namba 12 bado zina ule wekundu wa karafuu inayoanza kugeuka kahawia.

Adui wetu hapa ni unyevu. Slaidi kumi na moja zimeota koga, nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hasa pembeni. Mwenye slaidi kama hizo nakusihi usizipanguse kwa maji. Koga inakula ile gelatini iliyobeba picha, na gelatini iliyoliwa inayeyuka ikiguswa na maji, ukajikuta umeondoa koga na picha pamoja. Mimi napuliza vumbi kwa pampu ya mpira, basi. Zilizo na koga nimezitenga kwenye kopo lenye vipakiti vya kukausha unyevu, zinangoja nijue zaidi.

Sasa hiyo namba 37. Bibi anavuka kizingiti cha nyumba yetu. Jua la saa nne limepiga ukuta wa chokaa upande wa kulia, mweupe hadi unaumiza macho. Bibi amevaa buibui, lile la zamani la kujizungushia mwili mzima, na kwa mkono wa kushoto amelinyanyua kidogo asilikanyage. Nusu yake imo ndani ya kivuli cha mlango. Kwenye kadibodi, kwa kalamu ya risasi: Wete, 1978. Ni picha pekee tuliyonayo ya Bibi akiwa amesimama. Nyingine ni ya kitambulisho.

Miaka mitatu nyuma niliipeleka mjini Unguja kuskaniwa. Nikalipa, nikapewa faili. Ukuta umetoka vizuri, uso wa Bibi umetoka, mkono umetoka. Kuanzia kidevuni hadi chini ni bonge la weusi, na ukilichangamsha kwenye kompyuta zinatoka chenga tupu, zilezile za televisheni iliyopoteza mawimbi, nyekundu na kijani. "Hapo hamna kitu, dada, picha yenyewe ndivyo ilivyo," kijana wa pale akaniambia. Niliumia, kwa sababu nilijua si kweli. Nilikuwa nimeshaishika slaidi ile dirishani, jua limewaka, nimeisogeza hadi inakaribia kope, na ndani ya weusi ule niliona mikunjo ya nguo. Jicho likiona, mwanga unapita. Kilichobaki ni kuukusanya.

Nafundisha fizikia skuli ya sekondari, basi nikakaa na daftari. Weusi wa filamu hupimwa kwa densiti, na kipimo hicho kinakwenda kwa makumi. Densiti 1 inapitisha sehemu moja ya kumi ya mwanga, densiti 2 sehemu moja ya mia, densiti 3 sehemu moja ya elfu. Kodachrome kwenye vivuli vizito inapita 3. Tuseme 3.6: hapo inapenya sehemu moja katika 4,000 hivi. Kamera yangu inaandika faili ghafi la biti 14, maana yake ina ngazi 16,384 kutoka weusi hadi weupe. Nikipanga eksposha, yaani muda wa kukusanya mwanga, ili sehemu iliyo wazi kabisa ikaribie kilele bila kuungua ikawa nyeupe tupu, weusi wa densiti 3.6 unaambulia namba 4. Nne! Mikunjo, mshono, kivuli cha mkono, vyote vigawane namba nne, na chenga za kihisi chenyewe, kile kidude cha kamera kinachopokea mwanga, zinacheza humohumo. Ndiyo maana yule kijana wa mjini hakuona kitu. Kwenye faili lake kweli hakikuwemo.

Nilianza na njia ya wastani, kwa skana ya mezani niliyoazimwa. Unaskani picha ileile mara nyingi bila kubadilisha chochote, halafu unachukua wastani wa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha. Chenga ni za kubahatisha, mara hii ziko juu, mara ile chini, kwa hiyo zinauana. Hesabu yake ni kipeuo cha pili: ukiskani mara 4 chenga zinabaki nusu, mara 16 zinabaki robo. Nilikaa hadi saa sita usiku nikaskani mara 16. Weusi ukatulia, ukawa laini kama mahameli. Mikunjo haikuja. Wastani umepunguza chenga mara nne, lakini namba ya kivuli, tuseme ni ileile 4 ya daftarini, imebaki 4 vilevile, haikuongezeka hata moja. Ningeiacha skana ikusanye mwanga mara 16 zaidi kwa mkupuo mmoja, namba ingefika 64. Muda ni uleule, na tofauti ni kubwa namna hiyo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kurudia na kurefusha ni vitu viwili.

Wanafunzi wangu niliwaeleza kwa mabomba, maana habari ya mgao wa maji hawahitaji kuelezwa. Una mabomba mawili. Moja linatoa tone tone, la pili limefunguka lote. Umetega ndoo mbili na unaruhusiwa kuziondoa kwa wakati mmoja tu. Ukiziondoa mapema, ya tone tone ina maji ya kulowesha kidole. Ukichelewa, ya pili imefurika na huwezi tena kujua limetoka kiasi gani. Dawa ni kutega mara mbili, ya haraka kwa bomba kubwa na ya kukawia kwa bomba dogo, kisha ugeuze vipimo vyote viwe vya muda mmoja. Mtoto mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, na ndoo ikitikiswa?" Nitafika huko.

Skana ile ya kuazima haikunipa ruhusa ya kurefusha eksposha. Zipo zinazoruhusu, na programu kama VueScan ina sehemu ya kupitisha mara mbili, ya kawaida na ya kukawia, pale skana yenyewe inapokubali. Yangu haikukubali. Nikahamia kamera: lenzi ya makro ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, stendi ya mbao aliyonichongea fundi wa vitanda, na paneli ya LED chini. Tundu la lenzi f/8, ISO 100, fokasi ya mkono, faili ghafi. Piga tatu: sehemu moja ya 60 ya sekunde, sehemu moja ya 8, na sekunde nzima. Ya kwanza ni ya ukuta wa chokaa. Ya kati ni ya uso wa Bibi na karafuu zilizoko barazani. Sekunde nzima ni ya buibui peke yake. Humo ukuta umeungua wote na wala sijali, nimeshaupata kwenye ya kwanza.

Ndoo ikitikiswa, kazi imeharibika. Nyumba yetu iko karibu na barabara ya kushukia bandarini, na gari la mzigo likipita glasi zinagongana kabatini. Kwa sekunde moja, mtikisiko mdogo hivyo unatosha kuzifanya nyuzi za kitambaa ziwe ukungu. Basi nafanya baada ya Isha, barabara imetulia, na nabonyeza kwa taimu ya sekunde kumi ili mkono wangu nao uwe mbali. Usiku wa kwanza umeme ulikatika kati ya piga la pili na la tatu, nikaanza upya. Hata hivyo picha tatu hazikai sawasawa asilani, kwa sababu slaidi ya fremu ya kadibodi ikipata joto inatuna katikati. Namwachia Hugin, programu ya bure, ina kitengo cha kuzilaza picha moja juu ya nyingine hadi zilingane. Ukiruka hatua hiyo kila ukingo unakuwa na pacha wake.

Kuna jambo moja ambalo lilinila siku tatu kabla sijaling'amua. Picha ya sekunde nzima ilitoka na weusi uliopauka, wa kijivujivu, kama buibui lililofuliwa kwa majivu. Mwanga wa paneli uliokuwa ukizunguka slaidi pande zote ulikuwa ukiingia kwenye lenzi, unatawanyika, unaangukia palepale kwenye kivuli. Kwa eksposha fupi huuoni, kwa ndefu unafunika kila kitu. Nikakata karatasi nene nyeusi yenye dirisha la kipimo cha slaidi, milimita 36 kwa 24, nikafunika paneli yote iliyobaki, nikazima na taa ya chumba. Weusi ukarudi kuwa weusi. Ukitaka kujaribu haya nyumbani, anza na karatasi hiyo kabla ya kununua kitu chochote.

Kuunganisha ninafanya kwa njia ya hesabu. Kila faili linafunguliwa bila kuremba, namba zikiwa kama kihisi kilivyozihesabu. Za sekunde nzima nazigawa kwa 60, za sehemu ya 8 nazigawa kwa 7.5, ili zote zisome kwa mizani moja ya ile picha fupi. Kisha kwa kila pikseli nachukua ile iliyokusanya mwanga mwingi bila kufurika, na kwenye mipaka nazichanganya polepole. Iko njia nyingine, inayotumiwa na programu ya Enfuse, ambayo inachagua kwenye kila picha sehemu zilizokaa vizuri kwa macho na kuzishona. Ni nyepesi na inapendeza upesi. Kwa slaidi za Babu siipendi, kwa sababu inainua kivuli kikawa karibu sawa na jua, na Bibi alikuwa kivulini. Nataka kivuli kibaki kivuli, ila chenye vitu ndani. Wazo lenyewe la kushona si la leo. Gustave Le Gray, Mfaransa, alikuwa akipiga bahari na mbingu kwenye negativu mbili tangu miaka ya 1850, kwa kuwa sahani za wakati ule hazikuweza kushika maji na mawingu kwa pamoja. Nikitazama pwani ya Wete saa sita mchana namwelewa sana.

Ijumaa usiku ndipo picha ilipokamilika. Niliikuza pole pole, kuanzia juu. Mikunjo ya buibui begani, mitatu, mmoja umelalia mwenzake. Mshono wa ubavuni. Kisha chini, pale Bibi aliponyanyua pindo, pakatokea kitu ambacho hata dirishani sikukiona: kanga. Ncha ya kanga imechungulia chini ya buibui, nyekundu iliyokolea, na kwenye ukingo herufi. Nilishika pumzi. Kila herufi ilikuwa na urefu wa pikseli kama sabini, imepinda kwa kufuata mkunjo, lakini inasomeka: YEJI APO. Zilizobaki zimo ndani ya mkunjo.

Asubuhi nikampelekea Mama kompyuta barazani, alikuwa akichambua mchele. Nikamwonesha picha nzima kwanza. Akanyamaza, akajifuta mikono. Nikamkuzia ile ncha.

"Hebu rudisha," akasema. Nikarudisha. Akavaa miwani.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," akasoma, kama vile maneno yote yako pale. "Hiyo kanga mama akiivaa kaka yake akirudi kutoka baharini. Siku hizo tu. Akishaondoka inarudi kashani."

Nikamuuliza iko wapi sasa. Akacheka, akarudi kwenye ungo wake.

"Iko wapi tena, mwanangu. Ilipolainika ikachanwa vipande. Wewe winda zako zote za mwanzo zilikuwa hizo."

Nimemchapishia nakala, imetundikwa ukumbini juu ya kabati. Usiku huu inaingia namba 38. Ni ya Babu Baharia mwenyewe, kapigwa na mtu mwingine, bandarini, amevaa kanzu nyeupe na nyuma yake mlango wa ghala uko wazi, mweusi tii.