Asubuhi Moja Kandokando ya Mto Schuylkill

Nilikuwa na siku moja tu ya mapumziko Philadelphia, na nilikwisha kuamua kuimalizia yote mtoni. Alfajiri nilishuka treni katika kituo cha 30th Street, nikavuka daraja, nikashika njia ya waendao kwa miguu inayofuata ukingo wa mto Schuylkill kuelekea kaskazini.

Kabla ya kuyafikia mabanda ya mashua nilisimama kwa muda mrefu mbele ya ukuta wa Fairmount unaozuia maji, kwa kuwa historia ya klabu zote za makasia za hapa inaanzia kwenye ukuta huo. Homa ya manjano iliyoua maelfu ya watu mwaka 1793 iliwafanya wakazi wadai maji safi, na mitambo ya mvuke iliyoanza kuyasukuma mwaka 1815 ilionekana kuwa ya gharama kubwa mno. Basi mto ukazibwa, kazi ikamalizika mwaka 1822, na magurudumu yaliyozungushwa na mto wenyewe yakapandisha maji hadi kilimani. Chini ya ukuta maji hujaa na kupwa. Juu yake yalitulia kama ya mtungini. Utulivu huo uliotafutwa kwa ajili ya kunywa ndio uliowavuta vijana wenye makasia. Klabu ya Bachelors ilianzishwa mwaka 1853, Undine mwaka 1856, na mwaka 1858 klabu zikaungana katika chama cha Schuylkill Navy, ambacho hadi leo kinasimamia mchezo huo mtoni.

Mabanda yenyewe ni majumba hasa, ya mawe na matofali, yamepangana bega kwa bega. La Undine, lililobuniwa na msanifu Frank Furness na kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, lilinishika kuliko mengine. Mbele kidogo, wasichana wanane walikuwa wakitoa mashua yao mlangoni, wameibeba mabegani kwa hatua za pamoja. Ilikuwa ndefu kuliko basi, na nyembamba kiasi kwamba kiuno cha mtu mzima kingeijaza. Ndani niliona vibao vya kukalia vikiteleza juu ya vigurudumu vidogo. Walipokaa waliipa mgongo safari yao, kama ilivyo kwa kila anayevuta kasia, tofauti na mpiga kafi atazamaye mbele. Mshika usukani peke yake ndiye aliyeiona njia.

Wasichana hao wasingepata nafasi hapa zamani. Klabu zilikuwa za wanaume, na wake zao walibaki ukingoni wakitazama, mpaka mwaka 1938 ambapo Ernestine Bayer, ambaye mumewe alikuwa na medali ya Olimpiki, alishirikiana na wenzake kuanzisha klabu ya wasichana katika jumba namba 14, lililojengwa mwaka 1860 kwa ajili ya watelezaji wa barafuni. Mashindano ya makasia ya wanawake yaliingia katika Olimpiki mwaka 1976 tu, na kuchelewa huko kuliniuma nilipokuwa nimesimama pale.

Mbele zaidi ipo sanamu ya John B. Kelly akiwa ndani ya mashua yake. Alikuwa mwashi, na mwaka 1920 alikataliwa kushindana katika mashindano ya makasia ya Henley, Uingereza, kwa kuwa kanuni za huko ziliwazuia waliofanya kazi za mikono, na klabu yake ya Vesper nayo ilikuwa imepigwa marufuku. Kiangazi hichohicho, kwenye Olimpiki ya Antwerp, alimshinda Jack Beresford, bingwa wa Henley wa mwaka uleule, kisha siku hiyohiyo akapata dhahabu ya pili pamoja na binamu yake, Paul Costello. Mwanawe alikwenda Henley akatwaa taji lile mwaka 1947, akalirudia mwaka 1949. Barabara niliyokuwa nikiifuata inaitwa kwa jina la mwana huyo.

Nilikaa kwenye nyasi karibu na sanamu. Baada ya muda ile mashua ya wasichana ikapita, makasia manane yakiingia majini kwa mlio mmoja.